Tuuzieni Mafuta, Msituuzie Taka: Barua ya Wazi kutoka Kihesa

Kwa: Wenye viwanda vya mafuta ya kula, sabuni na bidhaa za nyumbani, pamoja na mawakala wenu na wenye maduka ya jumla wa Iringa Mjini

Nakala: Mkurugenzi wa Manispaa ya Iringa, Wakala wa Vipimo, Shirika la Viwango Tanzania (TBS)

YAH: OMBI LA KUUZIWA BIDHAA KWA JUMLA NA KUJAZIWA VYOMBO VYETU WENYEWE

Waheshimiwa,

Mimi ni mama wa familia, mkazi wa Kihesa, na ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa mtaa wetu. Ninawaandikia hadharani kwa sababu njia ya kimyakimya tumeshaijaribu. Dukani tuliambiwa tumuulize wakala. Wakala akasema hayo ni maamuzi ya kiwanda. Kiwanda kiko mbali, na hakina mlango ambao mnunuzi wa Kihesa anaweza kubisha hodi.

Tunachotaka si kirefu. Tuuzieni mafuta, sabuni na sukari, lakini taka zake msituuzie. Maelezo yetu ni haya.

1. Sisi tayari tunanunua kwa pamoja, wala hatuwaletei wazo la kwenye makaratasi. Mitaa mingi ya nchi hii ina mchezo au kikoba ambacho wanachama wake huchanga kidogo kidogo mwaka mzima, na Desemba ikifika wanapiga hesabu na kununua vyakula vya sikukuu: gunia la mchele, mfuko wa sukari wa kilo 50, ndoo za mafuta za lita 20. Sisi tuliona hakuna sababu ya jambo jema namna hii kufanyika mara moja kwa mwaka. Tunachanga kila wiki na kununua kila mwisho wa mwezi. Mchele tunauagiza Pawaga, maharage yanateremka kutoka vijiji vya Kilolo, na vya dukani tunavichukua kwenu.

Mngeiona siku ya kugawa, barua hii ingekuwa fupi zaidi. Kila mmoja anakuja na chombo chake: kidumu cha lita tano, chupa ya maji ya lita moja na nusu, ndoo yenye mfuniko, kikapu cha milulu kilichotandikwa kitambaa kwa ajili ya maharage. Chombo cha mafuta lazima kiwe kimeoshwa jana yake kwa maji ya moto na sabuni, kikalala kimepinduliwa hadi kikakauka kabisa, kwa sababu maji kidogo tu yakibaki ndani, mafuta yanaharibika upesi. Ninafungua kila kifuniko na kunusa kabla chombo hakijamiminiwa kitu. Dumu lililowahi kubeba dawa ya nyanya halipiti, hata mwenyewe aape kwamba ameliosha mara saba. Mkoa wetu ni wa nyanya, madumu hayo yamezagaa, na hilo hatulifanyii masihara. Kisha mmoja anashika kipimo cha lita, wa pili anashika faneli, wa tatu anaandika daftarini. Juni na Julai, baridi ya Iringa ikishakaza, mafuta ya mawese yaliyosafishwa huganda ndooni. Tunaikalisha ndoo kwenye beseni la maji ya moto na kusubiri yalegee. Ya alizeti hayatusumbui, yanamiminika hata alfajiri.

Hakuna pakiti inayobaki barazani kwangu siku hiyo. Ndoo moja ya lita 20 ni chupa 40 za nusu lita ambazo hazikuchukuliwa dukani. Ukiigawa kwa vipimo vya mililita 100, ambavyo ndivyo mtu wa kipato cha siku hununua, ni vifuko 200.

2. Shida ni kwamba mnatukatisha tamaa. Tukitaka ndoo tano, bei ya lita inashuka kidogo sana ukilinganisha na chupa, wakati mwenye duka akichukua katoni za chupa anapewa punguzo, na wakati mwingine fulana na kalenda juu yake. Sabuni ya unga ya kupakiwa kwenye mfuko mkubwa tunaambiwa imekwisha, huku pakiti ndogo zimejaa hadi darini. Na ndoo zenyewe zikiwa tupu hamzipokei tena. Ndoo ya kwanza ni ya maji, ya pili ni ya unga, ya tatu tunampa mgeni aliyehamia. Ya kumi haina kazi, na haina pa kwenda.

3. Sisi sheria tulishaitii, sasa zamu ni yenu. Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa inakoma, kanuni zikatoka kwa Tangazo la Serikali Na. 394, na tarehe 1 Juni mwaka huohuo nchi nzima iliamka bila rambo. Zanzibar walikuwa wametangulia tangu 2006. Mama aliyekutwa na mfuko mkononi alikuwa hatarini kutozwa faini ya kuanzia shilingi 30,000, au kukaa ndani hadi siku saba. Tulitii bila kunung'unika. Vikapu vya Iringa, ambavyo mabinti walishaanza kuviona vya watalii, vilirudi sokoni kubeba mboga.

Lakini kanuni hizohizo ziliviacha nje vifungashio vya bidhaa za viwandani na za usindikaji wa vyakula. Kwa hiyo mnunuzi anaondoka nyumbani na kikapu safi, na anarudi nacho kimejaa plastiki iliyochapwa majina yenu. Aliyeguswa na sheria ni mbebaji. Mtengenezaji wa kifuko cha sabuni hakuguswa.

4. Pakiti ndogo inamtoza zaidi asiye nacho. Najua mtaniambia mnawasaidia wanyonge, kwamba mtu wa kibarua mwenye shilingi mia tano hawezi kununua lita nzima. Ni kweli hawezi. Lakini pigeni hesabu ya kilo ya sabuni ya unga iliyonunuliwa kwa pakiti za shilingi mia mbili, kisha muilinganishe na kilo ya mfuko mkubwa. Anayelipa zaidi kwa gramu ni yule mwenye kidogo, na sehemu ya fedha anayolipa ni ya karatasi yenyewe inayong'aa. Wanafunzi waliopanga vyumba Kihesa Kilolo na Semtema wanaishi kwa pakiti hizo muhula mzima, na nyuma ya nyumba walizopanga mtaona wenyewe zinakoishia.

Kununua kidogo hakuhitaji pakiti. Kunahitaji kipimo. Hapa Iringa ulanzi umeuzwa vizazi na vizazi bila kifungashio: mgema anateremka na madumu, mnywaji anakuja na kidumu chake au anakunywa palepale. Mafuta ya kupima yalikuwepo madukani kabla ya chupa zenu. Akina mama wanaotengeneza sabuni ya maji mitaani humu wanaijaza kwenye chupa za maji zilizokwisha tumika, na mteja akirudi na chupa anajaziwa kwa bei nafuu. Mtungi wa gesi hakuna anayeutupa. Unaurudisha mtupu, unachukua uliojaa. Soda ya chupa ya kioo ni hivyohivyo: huna chupa, unaacha hela ya chupa. Nanyi mnaelewa vizuri jinsi biashara ya namna hiyo inavyoendeshwa, maana kreti za soda zimepita kwenye maghala haya haya ya jumla miaka yote. Kinachonisikitisha ni kwamba hata soda sasa inahamia chupa ya plastiki, na mnatuambia huo ndio ustaarabu.

5. Gharama mmetuachia sisi. Kila kaya inalipa ada ya taka. Chupa ya maji angalau ina mtu wa kuiokota, maana inauzwa kwa kilo. Pakiti ya sabuni au ya viungo, iliyogandishwa tabaka juu ya tabaka za plastiki na aluminiamu, haina mnunuzi. Mwokota chupa anairuka. Inabaki na njia tatu. Ya kwanza ni dampo la manispaa, kama gari la taka limepita. Ya pili ni kiberiti, jioni, nyuma ya nyumba, na moshi wake unaingia kwenye vyumba ambamo watoto wamelala. Ya tatu ni mtaro. Mvua za Desemba zikianza, mitaro inaziba, maji yanapanda barabarani, na yanayopita yanabeba kila kitu kuelekea bondeni hadi Ruaha Mdogo. Mto huo hauishii Ipogolo, mjini humu. Unaungana na Ruaha Mkuu na kuingia Mtera, bwawa ambalo maji yake yanaendelea hadi Kidatu kuzungusha mitambo ya umeme unaowasha viwanda vyenu.

Tumefanya usafi wa Jumamosi kwa mikono yetu. Tumezoa na tumefagia. Sitaki tena mtu aje na fulana na kamera kutusifu kwa kuzoa. Nataka pakiti zipungue huko zinakotoka.

6. Hoja ya usafi na vipimo tunaiheshimu, ila isiwe kisingizio. Mafuta ya ndoo iliyo wazi, inayochotwa kwa kikombe juani pembeni ya barabara, mimi mwenyewe siyanunui. Tangu kanuni za 2011 za kuongeza virutubishi kwenye vyakula, mafuta ya kula yanatakiwa kuwa na vitamini A, na vitamini hiyo huharibiwa na mwanga na hewa. Hiyo ni sababu ya kutaka pipa lililofungwa, lisilopitisha mwanga, lenye koki chini na namba ya toleo ubavuni. Haiwezi kuwa sababu ya kutaka chupa angavu iliyopangwa juani mbele ya duka. Jambo hili TBS, ambao tangu 2019 ndio wenye dhamana ya usalama wa vyakula, wanaweza kulitolea mwongozo ulio wazi: pipa liweje, lioshwe vipi, chombo cha mteja kikaguliwe namna gani. Mwongozo huo tutaufuata neno kwa neno.

Kuhusu vipimo, sisi wa Nyanda za Juu tumeumizwa na lumbesa, magunia yanayojazwa kupita kipimo, kiasi cha kutosha. Tunajua maana ya mizani iliyochezewa. Ndiyo maana nakala ya barua hii inakwenda Wakala wa Vipimo. Kipimo cha lita cha dukani kihakikiwe na kibandikwe stika kama inavyofanyika kwa mizani na pampu za mafuta ya magari, na mnunuzi apimiwe mbele ya macho yake. Kwa mafuta ya kupima, mdanganyifu anaonekana. Kwa pakiti iliyopunguzwa gramu kimyakimya huku bei ikibaki palepale, nani anamwona?

7. Kuna wazee wetu ambao wakisikia "kununua kwa pamoja" wanakunja uso, na wana haki. Wanakumbuka Operesheni Maduka ya 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa na ya ushirika yakaambiwa yabebe mzigo ambao hayakuandaliwa kuubeba. Wanakumbuka foleni za sukari na sabuni za miaka ya mwanzo ya 1980. Nawaandikia na wao wasome: hatutaki duka la mtu lifungwe. Tunataka mwenye duka awe na pipa la mafuta na sanduku la sabuni ya unga pale ambapo leo ametundika minyororo ya pakiti. Faida yake abaki nayo. Anayechanga na achange kwa hiari, na asiyetaka aendelee na utaratibu wake.

Wala hatutakuwa wa kwanza. Nairobi watu wananunua maziwa na mafuta ya kula kwenye mashine za mitaani, kila mtu na chupa yake, kwa kiasi cha fedha aliyo nayo mfukoni. Santiago, nchini Chile, kampuni ya Algramo ilianza mwaka 2013 kuuza bidhaa za nyumbani kwa gramu kwenye vyombo vinavyorudi. Wakenya mwaka 2022 walipitisha sheria ya usimamizi endelevu wa taka inayomtaka mzalishaji awajibike na kifungashio chake hata baada ya kukiuza. Siku moja sheria ya namna hiyo itafika hapa. Mkianza sasa, mtaanza kwa kasi yenu. Mkingoja, mtaanza kwa amri, kama ilivyokuwa kwa pombe ya viroba, yaani ya vifuko vidogo vya plastiki, iliyopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kabla ya tarehe hiyo viroba vilikuwa kila kona. Baada yake pombe kali ikauzwa kwenye chupa na biashara ikaendelea.

8. Sasa maombi yetu, waheshimiwa, na haya tunaomba yajibiwe moja baada ya jingine.

Kwa wenye viwanda: wekeni bei ya jumla iliyo halali kwa vikundi, kwa ndoo na kwa mapipa, ibandikwe mahali pa wazi ili kila kikundi kiione. Pokeeni ndoo na mapipa yenu matupu kwa mtindo wa hela ya chupa: tunaacha fedha, tunarudisha chombo, tunarudishiwa fedha. Gari linalopandisha mzigo Iringa kutoka Dar es Salaam linaweza kushuka na ndoo tupu zilizopachikana. Hazihitaji nafasi kubwa. Na pakiti za sabuni ya unga za kiasi kidogo kabisa zianze kuondolewa kwenye maduka yatakayokuwa na kituo cha kujazia. Hatusemi ziondoke nchi nzima kwa siku moja. Tunasema Kihesa ijaribiwe.

Kwa mawakala na wenye maduka ya jumla: tupeni sehemu moja tu ya kujazia karibu na soko la Kihesa, yenye pipa la mafuta ya alizeti, pipa la sabuni ya maji na sanduku la sabuni ya unga. Alizeti inakamuliwa mkoani humuhumu. Mafuta hayo hayana haja ya kusafiri kwenye chupa mpya kila mara. Muuzaji awe na mizani yenye stika, sinki la kunawia mikono, na ruhusa ya kukataa chombo kichafu. Wanachama wetu wataleta vyao safi, na tutawafundisha majirani.

Kwa Manispaa, ambao nakala hii ni yenu: sheria imewaagiza kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vinavyoomba vinahimizwa kufuga kuku na kushona, nayo ni mema. Ongezeni kwenye orodha hiyo kikundi kinachotaka kununua pipa la koki na mizani ili kiendeshe kituo cha kujazia. Kisha wapeni nafuu ya ada wafanyabiashara watakaouza bila pakiti, kwa sababu kila kilo wanayotuondolea ni kilo ambayo gari lenu la taka halitaibeba.

Kwa Wakala wa Vipimo na TBS, tumeshasema: stika na mwongozo. Vikitoka, mwenye duka atakayetuambia "serikali hairuhusu" hatakuwa na pa kujificha.

9. Kuhusu sisi, hatuombi bure. Tunawaahidi oda ya kila mwezi, yenye kiasi kinachojulikana kabla, inayolipwa taslimu siku ya kupokea mzigo. Kikundi chetu pekee ni kidogo, lakini vikundi vya mitaa ya jirani vimeshatuuliza tunafanyaje, na wa Mkimbizi wameomba daftari letu wanakili. Mteja wa namna hii mwenye kiwanda humtafuta kwa matangazo ya redio. Sisi tumekuja wenyewe.

Na kama majibu yenu yatakuwa hapana, tutakachofanya nacho tuwaambie mapema, isije ikaonekana tumewavizia. Tutahamishia fedha zetu kwa wakamuaji wadogo wa alizeti wa mkoani ambao tayari wanakubali kutujazia madumu, na kwa akina mama wa sabuni ya maji. Tutakusanya pakiti zinazookotwa kwenye mitaro ya mtaa wetu, tuzipange kwa majina yaliyochapwa juu yake, tuzihesabu mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na hesabu hiyo tuipeleke kwa diwani iingie kwenye kikao cha Baraza kama taarifa ya wananchi.

Tunaomba majibu kabla mvua hazijaanza. Yapelekwe ofisi ya kata Kihesa. Mtendaji tumeshamweleza, na yatabandikwa ubaoni siku hiyohiyo ili kila mwanachama ayasome mwenyewe. Mkipenda kuja, siku ya kugawa ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kuanzia saa tatu asubuhi. Mje na ndoo moja iliyojaa kwa bei mnayoona ni ya haki, tuipime pamoja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mweka hazina, kwa niaba ya kikundi cha akina mama
Kihesa, Iringa